Wahafidhina wa Magharibi: wanahifadhi nini, nasi wa Salamabila tuwasome vipi

Watu wa Magharibi wamefika Salamabila kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni dhahabu ya Namoya, iliyowaleta Wabelgiji zamani na kampuni ya Kanada baadaye. Njia ya pili ni simu. Kijana anatoka ibadani Jumapili, anakaa kivulini na wenzake, na hapo wanamsikiliza mhubiri wa Marekani au mwanasiasa wa Ufaransa akieleza kwamba Ulaya inakufa, familia imevunjwa, historia imechafuliwa, wageni na Waislamu wanaichukua nchi. Halafu mmoja wao anamwuliza mchungaji: "Sisi Wakristo wa hapa ni wahafidhina au siyo? Vita hivyo ni vyetu?"

Swali hilo linastahili jibu lililo wazi. Makala hii inaeleza wahafidhina wa Magharibi ni nani, mawazo yao yametoka wapi, na wanasema nini juu ya historia, siasa na kesho ya jamii yao. Kisha inaonyesha mahali ambapo maneno yao yanagusa maisha ya Maniema ya kusini. Imeandikwa kwa ajili ya wachungaji, walimu wa shule zetu na viongozi wa vijana, ambao huulizwa mambo haya na hawana kitabu karibu.

Neno lenyewe

Neno mhafidhina lina mzizi mmoja na neno hifadhi. Jirani zetu Waislamu wa Kasongo humwita hafidhi mtu aliyeihifadhi Kurani yote moyoni. Mhafidhina katika siasa ni mtu anayetaka kuhifadhi kile alichopokea: sheria, desturi, dini, familia, mali na namna ya kutawala. Wazee wetu walikuwa na wazo hilo kabla ya kusikia siasa za Ulaya. Ndiyo maana Waswahili husema mwacha mila ni mtumwa.

Huko Ulaya jambo hili lilipata sura ya siasa baada ya Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789. Katika bunge la wakati ule, waliotaka kulinda mamlaka ya mfalme walikaa mkono wa kuume wa mwenyekiti, na waliotaka mageuzi makubwa walikaa kushoto. Ndipo yalipotoka maneno mrengo wa kulia na mrengo wa kushoto. Mwaka 1818 mwandishi Chateaubriand alianzisha huko Paris gazeti lililoitwa Le Conservateur, na jina likaenea.

Mambo mawili ya kukumbuka tangu mwanzo. La kwanza, uhafidhina si dini. Wako wahafidhina wasiomwamini Mungu, na wako Wakristo wanyofu wanaopigia kura mrengo wa kushoto. La pili, wahafidhina hawafanani, kwa kuwa kila mmoja anahifadhi kilicho cha kwao. Mhafidhina wa Uingereza anamlinda mfalme; mhafidhina wa Marekani anailinda katiba ya jamhuri iliyozaliwa kwa kumwasi mfalme huyo huyo.

Burke: agano la vizazi

Kwa wanaosoma Kiingereza, baba wa mawazo haya ni Edmund Burke. Alizaliwa Dublin, Ireland, mwaka 1729, akawa mbunge huko London. Mwaka 1790, mapinduzi ya Ufaransa yakiwa bado machanga, alitoa kitabu cha kuyakosoa. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba jamii si mkataba wa biashara ambao watu wa leo wanaweza kuuvunja wakichoka nao. Ni agano kati ya waliokufa, walio hai na watakaozaliwa. Kizazi kimoja hakina ruhusa ya kubomoa nyumba yote kwa sababu paa linavuja. Kirekebishwe kilichoharibika, polepole, kwa kuheshimu kilichojaribiwa na miaka mingi. Alionya pia kwamba fujo ile itaishia mikononi mwa mkuu wa jeshi. Mfalme Louis wa 16 aliuawa mwaka 1793, na mwaka 1799 Jenerali Napoleon alishika madaraka.

Mtu wa Kabambare anaielewa hoja hiyo bila mkalimani. Shamba la ukoo si la baba peke yake. Alilipokea, naye ataliacha. Akiliuza lote ili anywe pesa, amewaibia waliolala kaburini na amewaibia wajukuu ambao hawajazaliwa.

Kuna upande wa pili wa Burke ambao wengi wanaomsifu leo huusahau. Kwa miaka mingi alipambana na kampuni ya Uingereza iliyokuwa ikitawala na kufanya biashara huko India. Alimshitaki bungeni Warren Hastings, aliyekuwa gavana mkuu wa Bengal, kwa dhuluma na ulaji rushwa. Kesi ilianza mwaka 1788 ikaisha mwaka 1795, na Hastings akaachiliwa. Burke alishindwa kesi, lakini hoja yake ilibaki: mtu hawezi kuwa na haki moja akiwa London na haki nyingine akiwa Bengal, kana kwamba sheria ya Mungu hubadilika mtu akivuka bahari. Watu wa India nao walikuwa na dini zao, wazee wao na mali za baba zao, na kampuni haikuwa na ruhusa ya kuvivunja kwa sababu ya faida. Tutarudi kwenye hoja hii tutakapofika Namoya.

Kuyper: serikali isimeze yote

Kwa Waprotestanti jina lingine muhimu ni Abraham Kuyper wa Uholanzi, aliyeishi kuanzia mwaka 1837 hadi 1920. Alikuwa mchungaji, mwandishi wa magazeti, tena mwanasiasa. Mwaka 1879 alianzisha chama kilichopinga roho ya Mapinduzi ya Ufaransa, mwaka 1880 akaanzisha Chuo Kikuu Huru cha Amsterdam, na kuanzia 1901 hadi 1905 alikuwa waziri mkuu. Alifundisha kwamba Mungu ameipa kila sehemu ya maisha mamlaka yake: familia ina yake, kanisa lina lake, shule, kazi na serikali vilevile. Serikali inapaswa kuzilinda sehemu hizo, si kuzimeza. Mzazi hapati haki ya kumlea mtoto kutoka kwa waziri. Aliipata kwa Mungu.

Katika nchi yetu fundisho hilo si nadharia. Wazee waliosoma miaka ya 1970 wanakumbuka. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, na vijana wa chama chake wakatakiwa kuwa na tawi hata ndani ya seminari. Mwaka 1974 serikali ilizichukua shule za makanisa, na Krismasi ikaondolewa kwenye siku za mapumziko. Miaka michache tu ilitosha kuonyesha kwamba serikali haikuweza kuziendesha shule hizo. Tarehe 26 Februari 1977 ilitia sahihi mkataba na makanisa ili yarudi kuzisimamia. Shule tunazoziita za mkataba wa Kiprotestanti, ambamo watoto wetu wanasoma leo, zimetokana na sahihi hiyo. Kuyper hakuijua Kongo yetu, lakini angeifahamu kesi hii mara moja.

Hata hivyo fundisho jema laweza kupindishwa. Huko Afrika Kusini baadhi ya wanatheolojia wa Kireformu walichukua maneno ya Kuyper juu ya sehemu mbalimbali za maisha, wakayatumia kuhalalisha utengano wa rangi. Mwaka 1982 ushirika wa makanisa ya Kireformu ya dunia, ukikutana Ottawa, ulitamka kwamba kuutetea utengano huo kwa Biblia ni uzushi. Na Ungamo la Belhar, lililoandikwa mwaka huo na kupokelewa mwaka 1986, lilitoka kwa Wakristo walewale waliobaguliwa.

Karne ya 20: hofu ya kuanguka, na vita baridi

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wasomi wengi wa Ulaya walianza kuiona jamii yao kama mtu aliyezeeka. Mjerumani Oswald Spengler alitoa kitabu juu ya kushuka kwa nchi za Magharibi, sehemu ya kwanza mwaka 1918 na ya pili mwaka 1922. Alidai kwamba kila ustaarabu huzaliwa, hukua na kufa, na kwamba saa ya Magharibi imekaribia. Mkristo ajihadhari na wazo hilo, kwa maana linageuza historia kuwa gurudumu lisilo na Bwana wala toba. Lakini hofu aliyoieleza haijaondoka mpaka leo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Marekani ilipata wahafidhina wake. Russell Kirk aliandika historia ya mawazo haya mwaka 1953, na William Buckley alianzisha jarida la National Review mwaka 1955. Mchungaji Francis Schaeffer, Mmarekani aliyeishi Uswisi, aliwaeleza Wakristo katika kitabu cha mwaka 1976 na filamu yake kwamba Magharibi imekata mzizi wake wa Biblia na bado inataka matunda. Mwaka 1979 mhubiri Jerry Falwell alianzisha kikundi cha kuwaingiza Wakristo katika upigaji kura. Mwaka huohuo Margaret Thatcher alikuwa waziri mkuu wa Uingereza, na mwaka 1981 Ronald Reagan akaingia Ikulu ya Marekani. Viongozi hawa wawili waliunganisha mambo matatu: soko huru, kuupinga ukomunisti, na heshima kwa dini na familia.

Kwa Mkongomani kuna hesabu ambayo haikukaa sawa. Wakati Reagan alipokuwa akisema juu ya uhuru wa watu wa Poland, alimpokea Mobutu Ikulu kama rafiki. George Bush alimpokea mwaka 1989. Tuseme kwa haki kwamba Kennedy, wa chama cha upande wa pili, naye alimpokea mwaka 1963. Mobutu alikuwa ngome dhidi ya Urusi, na hilo lilitosha. Wale waliohubiri kwamba serikali isimeze kanisa na familia walimsaidia mtu aliyevimeza vyote viwili.

Mambo wanayoyatetea leo

Wahafidhina wa leo wanazungumza zaidi juu ya mambo matatu.

La kwanza ni imani. Takwimu zinawapa sababu ya kuhuzunika. Sensa ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba Wakristo katika Uingereza na Wales walikuwa asilimia 46.2, chini ya nusu kwa mara ya kwanza. Mwaka 2011 walikuwa asilimia 59.3. Huko Marekani, shirika la Gallup lilikuta mwaka 2020 kwamba watu wanaojihesabu kuwa washirika wa kanisa, sinagogi au msikiti ni asilimia 47, wakati mwaka 1999 walikuwa 70.

La pili ni familia. Katika Umoja wa Ulaya mwaka 2023, wastani wa watoto kwa mwanamke ulikuwa 1.38, na ili idadi ya watu isipungue inatakiwa karibu 2.1. Kwetu, uchunguzi wa afya wa 2013 na 2014 ulikuta wastani wa watoto 6.6. Kwa hiyo mhafidhina wa Italia anayelilia vitanda vya watoto vilivyo wazi na mama wa Salamabila anayetafuta ada ya watoto saba hawana shida moja.

La tatu ni taifa: mipaka, wahamiaji, na nani afundishe historia. Kura ya Uingereza ya kutoka Umoja wa Ulaya mwaka 2016, ushindi wa Donald Trump mwaka huohuo na tena 2024, na Giorgia Meloni kuwa waziri mkuu wa Italia mwaka 2022, yote yanaingia hapa.

Wao kwa wao hawapatani. Patrick Deneen, katika kitabu cha mwaka 2018, anasema soko huru lenyewe ndilo linalovunja familia na vijiji, kwa kumfundisha mtu kwamba yeye ni mnunuzi tu. Rod Dreher, mwaka 2017, aliwashauri Wakristo wapunguze tumaini lao katika siasa na wajenge jumuiya ndogo zenye nidhamu, kama watawa walivyofanya Roma ilipoanguka. Wengine wanasema hapana, tuikamate serikali na tuitumie. Anayekuambia kwamba wahafidhina wote wanasema jambo moja, amekuuzia nusu.

Mgogoro ndani ya makanisa

Njia ambayo mabishano haya yametufikia waziwazi ni makanisa ya dunia. Wamethodisti, walio na makao ya kiaskofu Kindu, waliona kanisa lao la Marekani likigawanyika: kati ya 2019 na 2023 sharika zaidi ya 7,600 za Marekani ziliondoka, na mwaka 2022 kukazaliwa kanisa jipya la kihafidhina. Mkutano mkuu wa Charlotte wa mwaka 2024 uliondoa makatazo ya zamani juu ya ndoa na utumishi wa watu wa jinsia moja. Uliunga mkono pia mpango wa kuipa kila kanda nafasi ya kuamua mambo yake. Kwa Waanglikana, azimio la Lambeth la 1998 lililoshika fundisho la zamani la ndoa lilipitishwa kwa kura 526 dhidi ya 70, na maaskofu wa Afrika walikuwa nguzo yake. Mwaka 2023 viongozi wa kihafidhina walikutana Kigali na kukataa uongozi wa Canterbury.

Makanisa mengi ya kwetu yameshika fundisho lililopokelewa juu ya ndoa. Yalilishika kwa kulisoma Neno, wala hayakuwa yakingoja mwanasiasa wa ng'ambo ayaagize. Pamoja na hayo tuwe macho. Pande zote mbili za Magharibi hupenda kuihesabu Afrika kura zake, kisha huondoka. Rafiki wa kweli huuliza pia habari za wanawake wa Salamabila waliobakwa katika vita, ambao Madaktari Wasio na Mipaka wamewatibu huko. Mtu asiyejali hao, na huku anasema anatetea familia, hajaanza bado.

Historia: tunavyoijua sisi wa Kasongo

Huko Magharibi kuna vita juu ya historia. Upande mmoja unataka itajwe kama wizi na damu peke yake. Wahafidhina wengi wanajibu kwamba wazungu walileta Injili, shule na mwisho wa biashara ya watumwa. Sisi wa Maniema ya kusini tuna ushahidi ambao hautoshei vizuri upande wowote.

Tarehe 15 Julai 1871 David Livingstone alikuwa Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, wafanyabiashara wenye bunduki walipoufyatulia risasi umati wa watu sokoni, wengi wao wanawake. Aliyoyaandika yaliwasha hasira Uingereza, na mwaka 1873 soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa. Huo ni ukweli. Mwaka 1887 dola ya mfalme Leopold ilimfanya Tippu Tip, bwana mkubwa wa Kasongo, kuwa gavana wake huko Maporomoko ya Stanley. Miaka mitano baadaye dola hiyohiyo ilipigana na mwanawe na wenzake, na Aprili 1893 majeshi ya Dhanis yaliingia Kasongo. Vita hivyo viliitwa vita vya kukomesha utumwa. Nao ni ukweli kwamba utawala ulioshinda uliwalazimisha watu wa Kongo kuleta mpira kwa bunduki na viboko.

Na nani aliusema uovu huo? Katika mstari wa mbele walikuwamo wamisionari wa Kiprotestanti. William Sheppard, Mmarekani mweusi wa Presbiteri huko Kasai, aliandika aliyoyaona akashitakiwa mahakamani mwaka 1909, akaachiliwa. Alice Harris na mumewe John walipiga picha mwaka 1904 za watu waliokatwa mikono, wakazizungusha Ulaya na Marekani. Mwaka 1908 Leopold alinyang'anywa Kongo, ikawa ya serikali ya Ubelgiji. Kwa hiyo Magharibi ilileta kiboko, na Magharibi ilileta shahidi wa kukishitaki. Anayetaka kuhifadhi urithi wa Kikristo wa Magharibi aanze na hao mashahidi.

Kesi mbili kutoka udongo wa Maniema

Sasa tuweke mawazo haya juu ya mizani kwa mambo tuliyoyaishi wenyewe.

Kesi ya kwanza inawapa wahafidhina haki. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria kubwa ya mabenki, na ndani yake kifungu cha 1502 kilichotaka makampuni yaseme kama bati, koltani, wolframi au dhahabu yao inatoka Kongo au nchi za jirani. Watu wa mashariki ya Kongo waliiita sheria ya Obama. Nia ilikuwa njema: kuwanyima pesa wenye silaha. Septemba 2010 Rais Kabila naye alisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu mbili na Maniema, mpaka Machi 2011. Wanunuzi wengi wa nje waliogopa wakaondoka. Baba aliyekuwa akilisha watoto kwa chepeo na karai alibaki bila kazi, na watu wenye bunduki hawakutoweka. Ndivyo wahafidhina wanavyoonya tangu Burke: sheria iliyoandikwa mbali, na watu wasiojua mahali, huumiza waliotaka kusaidiwa. Mwaka 2017 bunge la chini la Marekani, lenye wengi wa Republican, lilipitisha muswada ambao ungekifuta kifungu hicho. Haukufika kuwa sheria. Lakini hoja iliyosikika zaidi ilikuwa gharama za makampuni. Mchimbaji wa Maniema alitajwa kidogo.

Kesi ya pili inawahukumu wahafidhina kwa mizani yao wenyewe. Kampuni ya Banro ya Toronto ilianza uzalishaji wa kibiashara wa dhahabu Namoya mwanzoni mwa 2016. Wachimbaji wa mikono na wanavijiji walilalamika juu ya kuondolewa kwenye vilima walivyovitegemea. Kundi lenye silaha la Mai-Mai Malaika lilijidai kuwa linatetea haki za wenyeji. Wafanyakazi wa mgodi walitekwa nyara mwaka 2017 na 2019, magari ya kampuni yalishambuliwa, na raia waliuawa na kukimbia makwao. Septemba 2019 kazi za mgodi zilisimamishwa. Kwa karatasi, tangu sheria ya Bakajika ya mwaka 1966, ardhi na madini ni vya dola. Kwa kumbukumbu ya wazee, kilima ni cha waliokufa na cha wajukuu.

Tukisoma hapo kisa cha Nabothi katika 1 Wafalme 21, tunakutana na mhafidhina wa Biblia. Mfalme alimwahidi shamba bora zaidi au bei yake. Nabothi alikataa, kwa kuwa urithi wa baba si bidhaa. Elia hakumshitaki mfalme kwa kukosa hati. Alimshitaki kwa damu na kwa urithi ulioporwa. Hili ndilo swali la Burke kwa kampuni ya India, na ni haki kumwuliza kila mhafidhina wa Toronto, London au Paris: je, urithi unaoupigania kwako una thamani pia kwa mtu wa Kabambare? Kisa cha Nabothi hakimpi ruhusa yeyote ya kushika bunduki. Lakini kinatupa haki ya kudai kile ambacho sheria ya madini ya 2018 imeandika: asilimia 15 ya mrabaha iende kwenye tarafa, sekta au usultani wa mahali, na walau asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni iende kwenye maendeleo ya jamii. Kamati ya kanisa inayojua tarakimu hizo na kuziulizia kwa utulivu inafanya kazi ya Elia.

Hofu isiyo yetu

Linabaki neno moja, na labda ndilo la haraka kuliko yote. Baadhi ya video zinazofika kwenye simu zetu zinafundisha kumwogopa Mwislamu. Mfaransa ana mjadala wake na wageni waliofika juzi mjini kwake; tumwachie. Kasongo ni mojawapo ya mashina ya kale ya Uislamu katika Kongo, na Kiswahili hiki tunachohubiria kilikuja na misafara yao. Hapa Mwislamu ni mjomba, ni shemeji, ni mama jirani aliyeleta sufuria ya wali tulipokuwa na msiba. Kiongozi wa Malaika alijulikana kwa jina la Sheikh Hassani, na mtu asiyefikiri anaweza kuigeuza vita ya ardhi, kazi na dhahabu kuwa vita ya dini. Mchungaji atakayeyarudia mimbarani maneno ya video hiyo atakuwa amebomoa kile ambacho wazee walikihifadhi, na hatastahili tena kuitwa mhafidhina.

Kwa hiyo yule kijana ajibiwe hivi. Ndiyo, tunayo mengi ya kuhifadhi: Injili tuliyopokea, ndoa, shule zetu, ardhi, heshima kwa wazee, na amani na jirani. Katika hayo tunaweza kujifunza kwa Burke, kwa Kuyper na kwa waandishi wa leo, tukiyapima yote kwa Neno. Vita vyao vya nyumbani tuviache kwao, tukiwaombea.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Taja jambo moja ambalo babu na bibi zetu walilihifadhi na ambalo kizazi chetu kiko karibu kulipoteza. Tulirekebishe vipi?
2. Ni nani katika sharika yetu anayejua sheria ya madini inasema nini juu ya sehemu ya wenyeji? Kama hayupo, nani atumwe kujifunza?
3. Juma hili umepokea ujumbe gani wa simu unaokutia hofu juu ya jirani? Kabla ya kuutuma mbele, je, ungeweza kuusoma ukiwa umeketi nyumbani kwake?